Radi Kavu Wanangoja Jua Lizame

Mume wangu Ochoki ni shemasi katika kanisa la Sabato kule Ikonge, na mimi ni mpenzi wa muziki wa roki. Watu huuliza tulioanaje. Huwa nawaambia alinikuta shambani nikichuma chai na visikizio masikioni, akadhani nasikiliza kwaya. Kufika siku ya kujua ukweli, mamangu alikuwa ameshampenda.

Roki niliiokota Nairobi, nilipokuwa mfanyakazi wa nyumbani. Binti wa mwenye nyumba alikuwa akiweka nyimbo za kundi moja tu, Radi Kavu, kutwa nzima nikideki. Mama yake alinifukuza siku ya mvua, nikasimama nje ya geti na begi langu, nikiwa sina kazi wala pa kulala, ila nyimbo zote nazijua kwa moyo. Tangu hapo nimejaribu mara mbili kuwaona kwa macho. Mara ya kwanza nilinyakuliwa mkoba Nakuru, tiketi ikiwa ndani. Mara ya pili mwanangu Nyasani aliamua kuzaliwa jioni ileile. Mwaka huu wakatangaza wanazunguka mara ya mwisho kabla ya kuvunja kundi, na kwamba watapita Kisii, Jumamosi, kuanzia saa moja usiku.

Ochoki aliwaza siku mbili, kisha akasema, "Saa moja Sabato imeisha. Nitakupeleka, Mama Nyasani. Lakini hatuvuki lango jua halijazama. Naomba neno lako."

Nikampa neno langu upesi, kabla hajakumbuka mstari mwingine wa Biblia.

Ijumaa tukaenda kulala Kiogoro, karibu na Kisii, kwa dada yake, Gladys. Tukapika kabla ya jua kuzama, ndizi na chinsaga, ile mboga chungu ya mgagani, maana kesho yake hatupiki na hatununui. Jumamosi asubuhi tukaenda kanisani. Baada ya mahubiri tukashika barabara ya Kisii kwa miguu, kwa sababu kulipa nauli nako ni kununua. Ochoki alibeba bakuli la chakula limefungwa kwa leso. Mimi nilivaa fulana nyeusi yenye picha ya radi, na juu yake sweta ya kanisa, nimeifunga vifungo hadi shingoni.

"Unatoka jasho," Ochoki akasema.

"Ni utakatifu, Baba Nyasani. Unapanda taratibu."

Tulipofika uwanjani, saa kumi imepita, baunsa mmoja mwenye kifua kama kabati akatazama tiketi zetu kwenye simu. "Ingieni haraka. Ratiba imebadilika kwa sababu ya mvua. Radi Kavu wanapanda saa kumi na moja, na uwanja unafungwa mapema."

Saa kumi na moja, jua bado liko juu ya milima, hata kama wingu limelifunika.

Ochoki alinitazama. "Wewe ingia," akasema. "Nitakaa hapa nje. Sitakuuliza kitu nyumbani."

Angenikataza, ningeingia kwa hasira na nafsi yangu ingetulia. Lakini mtu ametembea nawe kutoka Kiogoro akibeba bakuli, kisha anakuambia ingia. Nimeibiwa, nimefukuzwa, nimenyeshewa. Hakuna aliyewahi kunipokonya kitu kwa upole namna hiyo.

"Nilikupa neno," nikamwambia. "Songa huko, nikae."

Tukakaa kwenye gogo kando ya ukuta. Hapo palikuwa na kijana mnene mwenye fulana ya mikono mifupi, ameegemea ukuta, anapigapiga magoti kwa vidole. Ng'ambo ya barabara chipsi zilikuwa zinakaangwa, harufu inatutafuta. Kijana akaziangalia kama mtu anayeaga ndugu.

"Si ukanunue?" nikamwambia. "Unazitazama mpaka zinaona haya."

"Leo sinunui, mama."

Ochoki akageuza shingo. Alifungua leso, akafunua bakuli, akamsogezea. "Zimepikwa jana," akasema.

"Jana kabla ya jua kuzama?"

"Kabla kabisa."

Kijana akanawa kwa maji ya chupa yetu, akala. Alikula ndizi baridi na chinsaga kama mtu aliyeona mlango wa kwao. Akasema kwao ni Kebirigo, mamake pia huiacha chinsaga ilale usiku mmoja ipunguze uchungu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye magoti, kwa sababu ndani ya ukuta nilisikia gitaa likirekebishwa. Nililijua gitaa lile.

Lakini wimbo haukuanza. Mtangazaji akasema subirini kidogo. Gitaa likalia tena, likanyamaza. Mtangazaji akasema subirini kidogo tena, na watu wakaanza kupiga miluzi. Nikainua kichwa.

"Wanangoja nini hao?" nikauliza.

Kijana akalamba kidole, akawa anatazama chini.

Ndipo msichana mwenye kitambulisho shingoni akatoka langoni mbio, akaja moja kwa moja hadi kwenye gogo letu. "Makori, tafadhali. Hilo jua lenu halijazama tu?"

"Niliwaambia tangu mliponichukua Januari," kijana akajibu. "Sigusi ngoma kabla ya jua kuzama. Na wingu limelificha, siwezi kujua." Akamwonyesha Ochoki kwa kidevu. "Muulize mzee. Yeye ni wa kanisa."

Nilimtazama yule kijana, nikatazama bakuli. Mpiga ngoma mpya wa Radi Kavu alikuwa amemaliza chinsaga yangu yote. Nikaanza kucheka, na kicheko kikawa na machozi ndani, nikakiacha kitoke.

Ochoki akasimama. Akatazama milima, akatazama saa yake, akarudi kutazama milima.

"Bado kidogo," akasema.

"Baba Nyasani," nikamwambia, "uwanja mzima unakungoja wewe."

"Wangoje. Jua nalo halikimbizwi."

Basi tukangoja, msichana akitafuna kucha, baunsa naye amesogea kusikiliza. Taa za mji zikaanza kuwaka moja moja upande wa hospitali. Ng'ombe fulani akalia akirudishwa nyumbani. Kisha Ochoki akavua kofia. "Limezama. Tufunge Sabato kwa sala."

Tukainamisha vichwa, hata baunsa. Nimeishi na sala za Ochoki miaka mingi na najua zinavyotembea: zinaanzia Ikonge, zinapitia serikali, zinamaliza kwa wagonjwa wote kwa majina. Siku ile aliomba sentensi mbili, akasema amina.

Makori alikuwa ameshafika langoni kabla sijafungua macho.

Nikavua sweta, nikampa Ochoki aibebe pamoja na bakuli. Tukavuka lango pamoja, bila kukimbia. Ngoma ya kwanza ilipopigwa ilinigonga kifuani, nami nikapiga kelele ambayo naamini ilifika Nakuru, kwa yule aliyenyakua mkoba wangu.

Kwenye wimbo wa tatu nilikumbuka kumtazama mume wangu. Alikuwa amesimama wima kama yuko kwaya, sweta begani, akigonga sehemu ya chini ya bakuli kwa vidole viwili.

"Unaonaje?" nikamwuliza sikioni.

Akafikiri. "Kelele ni nyingi," akasema. "Lakini yule kijana anapiga kama mtu aliyeshiba."