Kuku ya Papa Sosiete

Mimi Semana, fundi wa kujenga, nilisema uongo mumoja tu mukubwa mu maisha yangu, na ule uongo ulinifuata mpaka nyumbani kwa miguu, na kuku mu mukono. Municheke mukitaka. Mimi mwenyewe nilishajicheka, na haikusaidia.

Kazi nilifundishwa na mujomba wangu Rukara. Yeye alijifunzia kwa Bapadri kuchoma matofali na kuyapanga. Sisi ni watu wa ng'ombe, wa huku juu Masisi, na watu walikuwa wanatusimanga: tangu lini muchungaji anashika mwiko? Rukara aliwajibu na desturi yake mwenyewe. Siku ya kumaliza nyumba, alikuwa analeta maziwa ya ng'ombe wake mu kibuyu, anakaa ku kizingiti na mwenye nyumba, wanakunywa wote wawili. Kisha anasema: "Hii nyumba ikianguka, muniulize mimi." Ni hayo tu. Sisi wote aliotufundisha tulifanya vile, na watu walituamini, juu muntu wa ng'ombe akishakunywa maziwa na wewe hawezi tena kukukimbia.

Mu mwaka wa 1957 nikataka kuwa mukubwa. Kazi za maana, za mashule na za depo za kukusanyia maziwa, zilikuwa zinaenda kwa wenye sosiete, kampuni za kuandikishwa. Fundi wa peke yake, hata akijenga namna gani, alipewa vyoo. Basi nikapanda kamyo ya mizigo kule Sake, tukapita Shasha, nikafika Bukavu, nikaingia mu biro ya notere, mwenye kuandikisha mikataba, na koti ya kuazima. Niliandikisha pamoja na mudogo wangu Narcisse, juu sheria ilikataa muntu mumoja peke yake.

Karani wa pale, mweusi kama mimi, miwani ku ncha ya pua, alinifasiria karatasi pole pole.

"Sosiete ni muntu kando, Bwana Semana. Iko na jina yake na mali yake. Kazi yake ikiharibika, wataiuliza yenyewe. Ng'ombe zako za nyumbani hakuna wa kuzigusa."

"Hata nyumba ikianguka?"

"Sosiete njo itajibu."

Akaendelea kusema, kwamba mukubwa wa sosiete akiharibu kazi kwa kujua, hayo ni maneno mengine. Ile sikuisikiliza. Masikio yangu yalishashiba. Nilitoka pale mwepesi, nikachongesha kashe, muhuri wa sosiete, nikapigilia kibao mbele ya nyumba yangu: SOSIETE YA UJENZI YA MASISI. Na kibuyu cha maziwa nikakiacha kikining'inia ku ukuta.

Nyumba ya kwanza ya sosiete ilikuwa ya Mama Nyirabagenzi, mujane wa kijiji cha Mpofi. Mutoto wake Evode alikuwa anachimba madini ku mine, upande wa Walikale, na alitaka mama yake alale chini ya mabati mbele ya kufa. Miezi miwili nilijenga pale, miezi miwili ule mama alinilisha. Asubuhi viazi, jioni bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha nyama kikipatikana, ni mu sahani yangu kilienda.

Sasa mu ile miezi, muzungu mumoja wa mashamba akanipa kazi ya depo ya maziwa. Ile kazi nilikuwa naiota. Matofali mazuri ya tanuru yangu nikayapeleka kule. Kwa mama nikapeleka yale ya pembeni, moto haukuyafikia. Tofali ambayo haijaiva inajulikana, ukiigonga hailii. Niliyagonga, hayakulia. Nikayapanga. Kisha nikapaka chokaa juu, nyumba ikapendeza sana.

Siku ya kumaliza, mama akatandika mukeka ku kizingiti.

"Na maziwa, Semana? Walinielezea unaletaka maziwa."

"Mama, siku hizi ni karatasi," nikamwambia, nikapiga kashe ku karatasi ya sosiete, nikamupa. Aliikunja vizuri, akaiweka mu kitabu cha sala. Kusoma hakujua.

Mvua ya mwezi wa tatu iliangusha ukuta wa nyuma. Ashukuriwe Mungu, yeye alikuwa shambani. Mimi nilipita na kamyo ile juma, akanisimamisha ku barabara, akanipeleka kuona. Matofali yalikuwa yamerudia udongo, ungeyafinyanga tena. Kitanda chake kilikuwa kinaangalia migomba.

Hapo njo nilipaswa kusema. Neno moja tu: samahani. Lakini nilikumbuka depo ya maziwa, nikakumbuka karani na miwani yake, na ulimi wangu ukaenda peke yake.

"Mama, mimi hapana mwenye kazi. Mimi pia natumwa. Kuko mukubwa, anaitwa Sosiete, anakaa Masisi. Njo yeye anajibu."

Nilisema vile macho ku viatu. Mama akanishika mukono.

"Masikini weee! Kumbe nawe unatumikishwa?"

Na mimi mujinga nikaitikia na kichwa. Nilipokea huruma yake kama nilivyopokea nyama yake.

Juma tatu zikapita. Siku moja ya Mungu, tumetoka misa, nilikuwa nimelala ku kitanda ndani. Bibi yangu Libérata, mama ya watoto wangu, alikuwa inje ku mulango anasukasuka maziwa. Nikasikia sauti.

"Hodi, Mama. Ni hapa kwa Papa Sosiete?"

Kibuyu cha Libérata kikanyamaza.

"Kwa nani?"

"Papa Sosiete, mukubwa wa Semana. Walinionyesha kibao chake. Natoka Mpofi, nimelala njiani siku moja. Miguu hii si ya musichana tena."

Wazee walisema njia ya muongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa ya siku mbili, na mwanamuke muzee njo aliitembea.

"Unamutakia nini?" Libérata akauliza. Nilijua ile sauti. Alishaelewa.

"Nimemuletea kuku. Sikuja kugombana, hapana! Nimekuja kumuombea Semana. Ule mutoto ni fundi, amekula kwangu miezi miwili, namujua. Ukuta ukianguka, ni kusema walimunyima matofali ya maana. Nasikia wakubwa wanafukuzaka watu juu ya vile. Asimufukuze, iko na bibi, iko na watoto. Mimi nitaziba na matete kwanza."

Ningepata shimo ningeingia. Dirisha ya nyuma nilijenga mwenyewe, upana wake naujua, ningepita. Niliiangalia kweli, ninawaambia bila kuficha. Nilishaweka muguu mumoja chini.

"Keti, Mama," Libérata akasema. "Papa Sosiete iko ndani. Nitamuita." Kisha akapaza sauti, majirani wote wasikie: "Papa Sosiete! Uko na mugeni!"

Nikatoka. Mama Nyirabagenzi aliponiona akasimama kwa furaha.

"Semana! Kumbe uko hapa! Na yeye iko wapi?"

"Mama, hakuna mwingine. Sosiete njo mimi."

Hakuelewa. Akaangalia nyuma yangu, ku mulango, kama kuna muntu anakuja. Nikarudilia. Kusema mara ya kwanza kulikuwa kugumu, lakini mara ya pili, Mungu wangu! Nikamwambia na ya matofali, kwamba niliyagonga na hayakulia. Libérata alikuwa anaangalia chini.

Nilingojea anitukane. Angenitukana ningepona.

"Nilisali rozari juu yako njia yote," akasema tu. Akamuweka kuku chini, miguu yake imefungwa na kamba ya mugomba. Libérata akataka kumurudishia, akakataa. "Zawadi ikishatoka kwangu hairudi. Mumufungue, amechoka."

Depo ya muzungu ilingoja. Mwenyewe akakasirika, kazi akaipa fundi mwingine, na mimi sikuuliza. Mimi na Narcisse tulibomoa ile nyumba ya Mpofi kuta zote ine, mpaka ku musingi, tukaanza upya. Kila tofali niliigonga mbele ya mama, asikie mwenyewe inavyolia. Alitulisha tena. Viazi asubuhi, bugali jioni. Nyama alimupa Narcisse.

Siku ya mwisho nilibeba maziwa ya ng'ombe wangu tangu Masisi, mu kile kibuyu cha ku ukuta. Tukakaa ku kizingiti. Nikakunywa, nikamupa kibuyu.

"Mama, hii nyumba ikianguka, muniulize mimi."

Alikishika mu mikono miwili, hakukunywa kwanza. Akaniangalia uso wote, pole pole.

"Wewe gani, mutoto wangu? Semana, ao ule mwingine?"

Hakuwa ananicheka. Alitaka tu kujua, ile siku ikifika, atembee kwa nani.