Mgeni wa Dorotea

Kama kuna mtu pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, aliyefundwa adabu ikamkolea mpaka magotini, ni Dorotea. Alizaliwa Usagara ya Mwanza, katika nyumba ya Kisukuma ambamo mtoto wa kike hakumpa mtu mzima hata kikombe cha maji akiwa amesimama, na sasa ni bibi mwenye wajukuu lakini magoti yake hayajaacha kazi. Alimpigia magoti Mzee Obedi, mwenyekiti wa mtaa, hata walipokutana kwenye matope. Alimpigia magoti katekista. Aliwahi kumpigia magoti msoma mita za maji, kijana wa kumzaa, mpaka yule kijana akaona haya na kuondoka bila kusoma mita. Majirani walimcheka, naye alicheka nao, maana magoti ni yake na kanga anafua mwenyewe.

Kazi yake nayo ilikuwa ya kuinama. Alikausha dagaa. Mitumbwi iliporudi asubuhi alichukua ndoo zake, akawatandaza dagaa mchangani na juu ya miamba bapa, kisha kutwa nzima mgongo ulikuwa umekunjwa: kugeuza kwa fagio la njiti, kuchambua takataka, kuokota kokoto za kuwarushia kunguru na yangeyange. Ndege wale hawana aibu hata kidogo. Unamfukuza huyu, mwenzake anakula nyuma yako.

Mbwa aliletwa na Muhidin, mwenye mtumbwi uliokuwa ukivua upande wa Nansio. Kule kwenye kisiwa kimoja kidogo wavuvi walikuwa wamepiga dago, kambi yao ya muda, na samaki walipohama na watu wakahama. Wakabeba masufuria, wakabeba nyavu na maturubai, mbwa wakamwacha. Muhidin alimkuta anatafuna magamba makavu, akamtupia wavu na kumpakia ndani ya tenga.

"Mama Queen, mimi dini yangu na mate ya mbwa hatupatani," alimwambia Dorotea huku akilitua tenga mbali na miguu yake. "Mtumbwi wenyewe itabidi niuoshe mara saba. Lakini kumwacha kiumbe afe njaa, hiyo nayo Mungu ataniuliza. Wewe unakaa peke yako. Mchukue."

Alisema kweli. Tangu Pius, mumewe, alipofariki, na binti yao Queen akaolewa Geita, nyumba ya Dorotea ilikuwa imekuwa kubwa kuliko ilivyojengwa. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, na hakuna kitu kigumu kupima kama unga wa mtu mmoja. Alimtazama yule mbwa ndani ya tenga, jike wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, anatetemeka mpaka tenga linalia, akampenda papo hapo. Akamwita Mgeni.

Mgeni alipofunguliwa tu aliingia chini ya mtumbwi mbovu uliofunikwa nyuma ya nyumba, na huko akahamia. Dorotea alimpelekea ugali na mchuzi wa dagaa, akainama kuuweka. Mbwa akachomoka upande wa pili na kupanda miambani. Kesho yake hivyo hivyo. Dorotea akaona labda hakumkaribisha vya kutosha, basi akaongeza heshima: akapiga magoti kabisa, akateremsha kichwa, akalinyoosha bakuli kwa mikono miwili kama anayemwandalia baba mkwe. Mbwa alijikojolea kwa hofu, akapotea mpaka jua lilipozama.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Tereza, jirani yake, ambaye alikausha dagaa mwamba wa pili na hakuwahi kuuweka ulimi wake chini. "Huyu wako mbona unampigia magoti tu, jembe humpi?"

"Atazoea."

"Atazoea nini? Ile mbwa inakuona kama fisi."

Dorotea alicheka, ila usiku huo maneno yale yalimkalia moyoni. Ukikataliwa na mtu unaweza kumkasirikia, ukasema ana roho mbaya. Kukataliwa na mbwa mwenye njaa ni aibu usiyojua pa kuipeleka.

Kisha Mzee Obedi akaitisha mkutano wa mtaa. Mtaa wa pili mtu mzima aling'atwa na mbwa asiye na mwenyewe, akapuuza, akafa kwa kichaa cha mbwa kifo ambacho waliokiona hawapendi kukisimulia. Kwa hiyo, mzee alisema, baada ya mwezi kwisha bwana mifugo atakuja uwanjani na chanjo. Kila mwenye mbwa amlete, amshike kwa mkono wake, achanjwe. Mbwa asiyeshikika atahesabiwa mzururaji, na wazururaji siku hiyo hiyo watapigwa risasi.

Hakuna aliyepinga, hata Dorotea. Hofu ya watu ilikuwa ya haki. Lakini mkutano ulipokwisha alimfuata mzee, akapiga magoti.

"Baba, wa kwangu bado hakubali kushikwa."

"Basi jitahidi, mwanangu," alijibu Mzee Obedi kwa upole. "Mimi nikimwachia mmoja, kesho nitaulizwa na mwenye mtoto aliyeng'atwa."

Alijitahidi. Alitumia sangara wa kuchemsha, alitumia maneno matamu, alitumia maombi. Mbwa alimtazama kutoka chini ya mtumbwi kwa yale macho ya kuomba radhi, na mkono ulipokaribia, akakimbia. Tereza mwenyewe aliacha utani.

Halafu, kama vile shida zilikuwa hazitoshi, kiuno kikamshika. Alikuwa anainua ndoo ya dagaa wabichi, akasikia kitu kimevutika mgongoni, na kuanzia hapo kuinama kukawa hakuwezekani. Dagaa hawajui habari ya kiuno, wasipogeuzwa wanaoza. Tereza alimtandazia, naye Dorotea akaketi mchangani, miguu ameinyoosha mbele, amefunga fagio kwenye mti mrefu, akawa anageuza dagaa akiwa amekaa kitako. Chakula cha mbwa alikiweka ubavuni mwake kabla ya kukaa, kwa kusukuma bakuli kwa mguu, maana hakuwa na namna.

Siku ya kwanza mbwa alitoa kichwa. Siku zilizofuata akatoa miguu, akaja nusu ya njia, akala akiwa amejinyoosha kama anayeiba. Ikafika asubuhi Dorotea anaimba wimbo wa kanisani huku akigeuza dagaa, akahisi pumzi ya moto kwenye kisigino. Hakugeuka. Mbwa alinusa kanga, akanusa goti, akazunguka mara kadhaa, kisha akajilaza na kuuegemeza mgongo wake pajani kwake. Dorotea aliendelea kuimba.

"Ameniona mgonjwa, amenihurumia," alimwambia Tereza.

"Wanyama wana utu kutuzidi," Tereza alikubali.

Wote wawili walikosea. Kiuno kilipona. Dorotea, furaha tele, alikuwa amekaa mlangoni na Mgeni kando yake, kamba laini ya katani tayari shingoni, mara Mzee Obedi akapita kumjulia hali. Dorotea akainuka, akamwendea.

"Shikamoo baba." Akapiga magoti.

Mbwa alilia kama aliyepigwa. Kamba ikaburuzika vumbini, na Mgeni alikuwa ameshafika miambani kabla mzee hajamaliza kusema marahaba.

Dorotea alibaki pale pale chini. Alitazama mkono wake ulivyokuwa umegusa ardhi katika kusalimu, vidole vimekaa karibu na kokoto. Na akaelewa. Kule dagoni dagaa walianikwa chini, na mbwa mwenye njaa huiba dagaa. Kule, mtu akiinama hakuwa na sababu mbili. Siku zote hizi alizokuwa akimwinamia kwa upendo, Mgeni alikuwa anasubiri jiwe. Adabu yote ya mama yake, machoni pa mbwa yule, ilikuwa mtu anayeokota cha kurusha.

Alilia mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mzee wa watu akadhani ni kiuno.

Tangu siku hiyo Dorotea alibadilisha maisha, na mtu wa umri wake akibadilisha maisha watu wanatazama. Alijenga chanja za miti na nyavu kuukuu, zimfikie kifuani, akawapandisha dagaa huko ili asiwainamie. Kokoto akaziacha, ndege akawafukuza kwa kupiga debe, na debe nalo Mgeni akalizoea kuliko mkono mtupu. Hayo yalikuwa mepesi. Gumu lilikuwa salamu. Mbwa akiwa karibu, Dorotea aliwaamkia wakubwa akiwa amekaa vile vile alivyo, mikono mapajani, uso unamwaka kwa haya.

"Siku hizi Mama Queen anatuamkia kitako, kama mtemi," watu walisema.

Alijaribu kumweleza Mzee Obedi. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo nimeshushwa cheo na mbwa," alisema, akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Dorotea aliona, na kilimuuma. Mara nyingi alitamani kuacha yote na kurudi alivyokuwa. Kisha Mgeni alikuja kumlalia mguuni, naye akashindwa.

Siku ya chanjo ilifika. Mgeni alitembea kwa kamba mpaka uwanjani, mkia tumboni, ubavu umebana kwenye mguu wa Dorotea. Uwanja ulijaa watu na mbwa, kelele na vumbi. Mbele, kwenye meza, alikuwepo Jonathan, bwana mifugo, kijana mwenye haraka. Pembeni limeegeshwa gari, na mtu wa bunduki ameegemea mlango wake.

Walisubiri zamu, na zamu ilipofika Jonathan akasema, "Karibu mama," akainama kutoa kichupa kwenye kasha la barafu lililokuwa chini.

Kamba ilimchana Dorotea kiganja. Mgeni alipenya katikati ya miguu ya watu, akavuka uwanja na kupanda kwenye miamba iliyo juu yake, akasimama huko, anatetemeka, kamba inaning'inia. Wanaume kadhaa, kwa nia njema kabisa, wakakimbilia upande ule kumzuia asiende mbali. Na kwa nia njema hiyo hiyo wakainama, wakaokota mawe.

Mgeni akapanda mwamba wa juu zaidi. Bado hatua chache tu, na nyuma ya mwamba ule ni vichaka.

Mzee Obedi alikuja taratibu na fimbo yake. "Mama Queen, pole sana. Watu wote wameona kuwa hashikiki. Nifanye nini?" Yule wa gari alikuwa ameshaishika bunduki.

"Kaeni chini!"

Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile. Tereza alitazama nyuma kutafuta aliyepiga kelele.

"Tupeni mawe hayo, mkae chini! Wote! Anaogopa mnavyoinama, kaeni kitako kabisa!" Aliyepiga kelele ni Dorotea. Akajibwaga vumbini, na kitenge chake cha Jumapili, akanyoosha miguu. Watu walitazamana. Mawe mawili matatu yalianguka, lakini hakuna aliyekaa. Wote walikuwa wanamwangalia mwenyekiti.

Dorotea naye akamwangalia, kutoka chini, lakini safari hii bila kuinamisha kichwa.

"Na wewe baba," alisema. "Nakuomba. Kaa."

Mzee Obedi alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi. Alimtazama mwanamke huyu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akishuka mbele yake, matope na jua, bila kuuliza wala kuchoka. Akashika fimbo kwa mikono miwili, akakunja goti moja, akakunja la pili, akakaa vumbini na kuguna.

Basi uwanja mzima ukakaa. Wakakaa wanawake, wakakaa wanaume na mbwa wao mapajani. Jonathan alikaa na sindano yake. Yule wa gari alisitasita, akaona amebaki amesimama peke yake kama mnazi, naye akakaa, bunduki ameilaza kando.

Juu ya mwamba Mgeni aliwatazama. Hakuna aliyekuwa na mkono karibu na jiwe, na hakuna aliyekuwa mrefu. Alishuka mwamba mmoja, akasimama. Akashuka mwingine. Aliingia katikati ya watu waliokaa, tumbo linagusa vumbi, akampita mmoja, akampita mwingine, akamnusa Mzee Obedi kwenye kiatu, na mzee akazuia pumzi. Halafu akafika, akaingiza kichwa kizima kwapani mwa Dorotea.

Jonathan alisogea kwa makalio, suruali ya ofisini inafagia uwanja, mpaka akamfikia. Sindano ilipoingia mbwa alilia mara moja. Hakukimbia. Dorotea alimkumbatia, akalia kwa sauti mbele ya mtaa mzima, na hakujali nani anamwona.

Hakuna aliyethubutu kutikisika. Mwishowe Mzee Obedi alikohoa kidogo.

"Mama Queen," aliuliza kwa sauti ya chini, "sasa tunaruhusiwa kuinuka?"

Dorotea aliusikia moyo wa mbwa ukigonga kwenye mbavu zake, bado kwa kasi.

"Bado, baba," alisema.

Mwenyekiti akaiweka fimbo yake chini, akasubiri.