Mchicha wa Mkato wa Kwanza

Kache alikuwa amechoka kabla hata ya kuinama. Miaka yote hii amelima mchicha kwenye kiwanja kilichokuwa jaa, kando ya Kibarani, na magoti hayakumpa raha hata asubuhi moja. Leo hakukata kitu. Bwana Masha, mpimaji aliyechukua udongo na majani mwezi uliopita, alikuwa amerudi na majibu: mchicha una risasi, madini yale yaliyomo kwenye betri za magari.

"Mimi huuroweka kwa chumvi na ndimu," Kache alisema.

"Haioshiki, mama. Imo ndani ya jani. Inamdhuru mtu mzima, na mtoto zaidi, hata aliye tumboni. Inaharibu ubongo."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ukamuudhi Kache. Lau angemfokea, angalau angepata wa kugombana naye.

Akashika njia ya Ganjoni kwa bintiye Joy, mikono mitupu. Njiani akampigia simu Bi Hajra, mteja wake wa Mji wa Kale, akamwambia autupe mchicha hata ulio kwenye friji. Bi Hajra akamwita muuaji. Kache akakata simu, akaendelea na njia.

Lakini Bi Hajra alinunua siku mojamoja. Joy je? Kwa kina Kache mkato wa kwanza hauuzwi. Mamake hakuuza, naye hauzi. Hupelekwa nyumbani, ndiyo baraka ya shamba. Na tangu kliniki waseme Joy ana damu chache, alikuwa akimkatia kwenye kona yenye udongo mweusi ti, majani mapana kama viganja. Kona ile ile alikochimbua betri kuukuu, akazitupa pembeni, akaendelea kupanda. Mjinga gani huyo? Ni yeye.

Joy alikuwa jikoni, tumbo limetangulia, mchicha wa nazi ukitokota.

"Karibu, mama! Kliniki wamesema damu imepanda. Ni mchicha wako huo."

Kache akaepua sufuria, akamwaga mchicha wote kwenye ndoo ya taka.

"Mama! Una nini?"

Akamweleza yote, bila kupunguza neno. Joy akaketi, mikono juu ya tumbo.

"Huu wa kona nimeula tangu lini?"

"Tangu uliponiambia una mimba na damu ni chache," Kache alisema. "Nilikuwa nakuchagulia ulionawiri. Vaa viatu, mwanangu, twende wakupime."

Joy hakuinuka, basi Kache akapiga magoti yale yale yanayouma, akaanza kumvisha viatu.