Milimao ya Wodi ya Wazazi

Mtunza bustani wa hospitali alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa mkono kwenye mche lakini mzito wa mdomo mbele ya wakubwa. Ndiyo maana siku aliposimama mlangoni kwa msimamizi na kusema, "Naomba milimao isipigwe sumu," alijishangaa mwenyewe.

Milimao hiyo sita ilikuwa chini ya madirisha ya wodi ya wazazi. Vidukari, wadudu wadogo wafyonza utomvu, walikuwa wameivamia hadi majani yakajikunja na kunata, na masizi meusi yakatanda kila tawi. Mpiga dawa alishaitwa. Naye hakuwa mgeni: alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Watu walimwita Bomba, kwa kuwa bomba la dawa halikumbanduka mgongoni. Kikohozi nacho hakikumbanduka kifuani, ingawa yeye alilisingizia vumbi.

"Shemeji, unanitilia mchanga kitumbua changu," Bomba alilalamika, nusu utani.

"Nataka watoto wa siku moja wavute hewa safi. Na wewe pia, shemeji yangu."

Msimamizi akampa wiki mbili, si zaidi.

Mama akajifunga kibwebwe. Kila asubuhi aliosha majani kwa maji ya sabuni, hasa upande wa chini walikojificha vidukari. Akapunguza matawi yaliyosongamana. Kisha akaona sisimizi wakipandisha shinani kama wenye mji. Walikuwa wakifuata utamu wa vidukari, na kumfukuza kila mdudu aliyekuja kuwala. Akafunga kitambaa kwenye kila shina, akakipaka grisi. Sisimizi wakaishia hapo.

Hata hivyo, siku ya tisa vidukari walikuwa bado tele, na mlimao wa mwisho ulikuwa umenyauka. Bomba alipita kumchungulia.

"Shemeji, hapa umetwanga maji kwenye kinu."

Mama akageukia majani. Moyo ulikuwa umeshamwishia. Juu ya jani akaona mdudu mweusi, mrefu, mwenye vimiiba, mbaya wa sura. Akanyoosha kidole amponde. Kidole kikasita: mdudu alikuwa amemng'ata kidukari, anamtafuna. Akammaliza, akamfuata mwingine.

"Njoo uone."

Bomba akainama. Wakahesabu mmoja, wanne, kumi na moja. Kwenye jani la jirani mmoja alikuwa akijichomoa kwenye ganda lake, na aliyetoka alikuwa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi.

"Kumbe ndio watoto wa hawa wekundu," Bomba alisema taratibu. "Nimewaua miaka yote hii. Nilidhani ndio waharibifu."

"Hata mimi nilikuwa namponda sasa hivi."

Siku hiyo mama aliacha sabuni, asije akawaosha na wasaidizi wake. Wiki mbili zilipotimia, msimamizi alikuta milimao mitano ikichipua majani laini. Wa sita ulikuwa umekufa, na mama hakuficha.

"Mitano inanitosha," msimamizi alisema. "Ua wa mbele nao una wadudu. Utauweza?"

"Peke yangu siuwezi. Nahitaji mtu wa kuosha majani ya juu."

Bomba akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Bomba jipya ninalo, halijaguswa na sumu," alisema. "Sabuni unachanganya kiasi gani?"

Jumatatu alikuja kazini akiwa amechelewa. Alikuwa amepanga foleni kwa daktari wa kifua.