Makohozi ya Asubuhi Tatu

Lea alianza kukohoa wiki ileile fomu ilipofika, na hilo ndilo lililomharibia akili.

Fomu yenyewe ilitoka Uingereza, Machi ya mwaka hamsini na saba. Chuo kimoja cha huko kilitaka wauguzi wawili waliokwisha hitimu, wawili tu kutoka jimbo zima la Tanga, wakasomee ukunga na uongozi wa wodi kwa miaka mitatu, warudi wakiwa masista kamili. Mwombaji asizidi miaka ishirini na minane. Lea alikuwa ametimiza ishirini na minane mwezi wa Januari. Mwaka unaofuata angekuwa amezidi, na fomu kama hiyo isingekuwa na habari naye tena. Angebaki vilevile alivyo: kubeba mabeseni, kutandika vitanda, na kumwitikia "ndiyo, Sista" msichana wa Kizungu ambaye hajui hata kuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Akaijaza kwa wino mweusi, pole pole, asikosee hata herufi. Mchungaji wa kwao Mlalo akamwandikia barua ya tabia njema yenye sifa nyingi mpaka Lea mwenyewe akaona haya kuisoma. Vyeti akaviambatanisha. Kikabaki kitu kimoja tu, nacho ni makohozi. Kila mwombaji atoe makohozi ya asubuhi tatu mfululizo, kila asubuhi na kikopo chake, kabla ya mswaki na kabla ya chai. Vikopo vingepelekwa kwenye maabara Dar es Salaam, makohozi yaoteshwe kwenye chupa kwa wiki nane, ionekane kama yana vijidudu vya kifua kikuu.

Sasa, Lea alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika wodi ya kifua kikuu. Tena kaka yake Noa, aliyekuwa akifanya kazi ya brashi, kusugua katani kwa mashine, kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza, alianza hivihivi, kikohozi kikavu cha wiki mbili ambacho kila mtu alisema ni vumbi la katani. Noa alizikwa na miaka ishirini na mitatu. Lea alikuwa akilala na kuamka na kikohozi chake, anakihesabu, anakisikiliza, anakohoa ndani ya kanga ili nyumba nzima isisikie. Aliwahi kumwona muuguzi mwenzake akitolewa kazini kwa ugonjwa huohuo, na jina lake halikuandikwa kwenye orodha yoyote tena.

Angeweza kwenda kwa daktari kama mtu mwenye akili. Hakwenda. Alijua akipimwa kabla na akakutwa nao, basi fomu haiondoki Tanga.

Nyumba aliyopanga ilikuwa Usagara, ya Bi Mwamvua, mjane aliyekuwa na ulimi mkali na moyo mwepesi. Lea alikuwa na chumba cha mbele, na chumba cha kumkabili alikaa Sabiha, binti wa Bi Mwamvua, pamoja na mwanawe mchanga, Saleha. Mume wa Sabiha, Sadalla, alikuwa mtu wa kivuko cha Pangani, akija nyumbani kila Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi. Sabiha alikuwa ametoka arobaini karibuni. Mama yake alimlisha uji wa pilipili manga, supu ya kuku na samaki wabichi mpaka mashavu yakang'aa. Ukimtazama hungesema mwanamke huyu amewahi hata kuumwa kichwa. Alikuwa anacheka tangu alfajiri.

Huyo ndiye ambaye Lea alimchagua.

"Shoga, nina haja nawe," alimwambia wakiwa uani, Bi Mwamvua amekwenda sokoni. "Wanataka makohozi yangu kwa ajili ya masomo. Mimi nina mafua ya mvua hizi, naogopa watanionea bure. Nitemee wewe."

Sabiha alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi sijapata kuombwa kitu kama hiki. Watu huombana chumvi, huombana moto."

"Asubuhi tatu tu. Lakini usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Kwamba nimekopesha mate?"

"Si mate, Sabiha. Mate hayafai. Vuta pumzi sana, ukohoe kutoka kifuani."

Na hapa ndipo muuguzi wa miaka sita kazini alipofanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angelitambua. Mtu mzima wa afya, hata umwombeje, hutoa mate. Wauguzi huhangaika naye, humpiga mgongoni, humpa maji ya chumvi avute mvuke wake, na mwishowe hupata povu tu. Sabiha alivuta pumzi mara moja, akakohoa mara mbili, akatoa kohozi zito la manjano. Asubuhi ya pili vilevile. Asubuhi ya tatu vilevile, tena zaidi. Lea aliliona. Akalitazama kabisa pale ndani ya kikopo, mkono wake umeshika kifuniko. Akajiambia ni moshi wa jikoni, kwa kuwa Sabiha hupikia kuni. Akafunika, akaandika jina lake, *Lea Zebedayo*, akapeleka.

Zile wiki nane zikaanza.

Wiki ya kwanza Lea alikuwa na furaha ya mtu aliyevuka mto. Wiki ya pili kikohozi chake kikapungua, na wiki ya tatu kikaisha kabisa. Aliamka asubuhi moja akagundua hajakohoa tangu jana. Kumbe yalikuwa mafua kweli. Alikaa kitandani akacheka peke yake, kisha akasikia kikohozi.

Kilitoka chumba cha pili.

Akasikiliza. Mara moja tu, kifupi, kama mtu anayesafisha koo. Kisha Sabiha akaanza kumwimbia mtoto, na Lea akavaa sare yake akaenda kazini.

Mei ikaingia na mvua ya masika ikawa ya kutwa kucha. Kila Jumanne na kila Ijumaa Lea alipita ofisini hospitalini kutazama sanduku la barua, na kila mara karani alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Nyumbani, Sabiha alianza kufunga kanga mara mbili kiunoni ili isimdondoke. Jioni alikuwa akisema ana baridi, na Lea, akimpokea mtoto, aligusa mkono wake akaona una moto. Asubuhi mkono ulikuwa umepoa. Homa ya jioni isiyokuwapo asubuhi. Lea alikuwa ameiandika homa hiyo kwenye karatasi za wagonjwa mara elfu.

"Unanyonyesha sana," alimwambia Sabiha. "Mtoto anakumaliza."

Ndivyo alivyosema, na alisema vizuri, kwa sauti ya muuguzi.

Bi Mwamvua yeye hakudanganyika. Jioni moja alimwita Lea barazani.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba. Hebu keti. Wewe si mtu wa dawa? Mwanangu anayeyuka. Nimemsomeshea Kurani, nimemfukizia ubani. Nasema ni kijicho, wanawake wa mtaa huu wamemwona alivyonawiri. Lakini nawe mtazame. Kama kuna neno la hospitali, niambie, nimpeleke."

Lea aliketi. Neno lilikuwapo. Lakini Sabiha hakuzaliwa na kufuli mdomoni, na daktari huanza na maswali. Umewahi kukohoa? Umewahi kupimwa makohozi? Naye angejibu kwa kicheko chake kileile kwamba ndiyo, alimpa shoga yake Lea asubuhi tatu, hakupata majibu. Fomu ingekwisha hapohapo. Na zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Tungoje kidogo, Bi," alisema. "Masika yakiisha atapata nafuu."

Yule mama akamshika mkono, akamshukuru. Lea alirudi chumbani kwake akafunga mlango. Alijichukia usiku kucha, na asubuhi akaenda kazini vilevile.

Juni ilipofika Sabiha hakuwa akiimba tena. Mtoto Saleha, aliyekuwa amenona, akawa analia kilio chembamba hata akichukuliwa tu kwapani, na Bi Mwamvua akamfunga hirizi ya pili. Lea akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Alijitolea kufanya zamu za wenzake, akaosha sindano zilizokwisha oshwa. Wenzake wakasema kweli huyu anastahili kwenda Uingereza.

Jumanne moja, saa nane za mchana, Metroni alimwita.

Metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa mwanamke wa Kizungu mwenye mvi, asiyepoteza maneno. Safari hii aliyapoteza. Alimwambia Lea akae, akamwuliza kama amekula, akatazama dirishani. Kisha akasukuma karatasi mezani.

"Vikopo vyote vitatu, Lea. Vyote vimeota vijidudu."

Lea aliisoma karatasi. Jina lilikuwa lake. Aliona herufi zinacheza, akaweka kidole chini ya mstari kama mtoto wa chekechea, akasoma tena. Hakuhofia nafsi yake hata kidogo. Alijua makohozi ni ya nani. Kilichomjia ni lile kohozi la manjano ndani ya kikopo na mkono wake mwenyewe ukilifunika.

"Lakini mimi sikubali," Metroni akaendelea. "Nakuona kila siku. Hukohoi, hujakonda, tena umenenepa. Nimewahi kuona vikopo vikichanganywa huko vinakokwenda. Kwa hiyo kesho asubuhi utapigwa picha ya kifua, na makohozi yako nitayatazama kwa darubini mimi mwenyewe. Ukiwa safi, Ijumaa naandika kwamba walikosea. Nafasi yako wameishika mpaka mwisho wa wiki. Wamekuchagua, Lea. Nilikuwa sijakwambia hilo. Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha."

"Asante, Metroni," Lea alisema.

Alitoka kwa miguu, jua linawaka baada ya mvua, barabara inatoa mvuke. Wa kwanza kwenye orodha. Alitamani kulia na alitamani kukimbia. Kesho picha, na picha itakuwa safi. Ijumaa barua. Kisha Jumamosi, Jumamosi asubuhi mapema kabisa, atamchukua Sabiha na mtoto awapeleke hospitali, na Sabiha aseme atakachosema, barua itakuwa imeondoka. Siku nne tu. Kama mtu amekaa wiki nane na zaidi, siku nne zitamdhuru nini? Sindano zipo siku hizi, watu wanapona. Alipiga hesabu hiyo tangu langoni mwa hospitali mpaka Usagara, na kila alipoipiga ilitoka sawa.

Bi Mwamvua alikuwa uani akichambua mchele. Sabiha ameketi kwenye mkeka mlangoni pa chumba chake, mtoto mapajani, mabega yamemtoka kama ya mtu mwingine.

"Barua imekuja?" Sabiha akauliza. Alikuwa anakumbuka siku za posta kuliko Lea mwenyewe. "Sema, shoga. Makohozi yangu yamekupeleka Ulaya?"

"Bado kidogo," Lea alisema. "Ijumaa."

"Inshallah. Nimemwambia mama, ukipata nakupikia pilau." Akakohoa, akajifuta na pembe ya kanga, akaikunja upesi. Si upesi wa kutosha. Lea aliona wekundu.

Alitaka kupita. Mguu wake mmoja ulikuwa umekwisha ingia chumbani kwake.

"Huyu naye leo mvivu," Sabiha alisema, akimtazama mtoto. "Amelala tangu asubuhi. Ziwa halitaki. Mama anasema tumshukuru Mungu, kwa kuwa ameacha kulia."

Lea akarudi. Akapiga magoti kwenye mkeka, akamchukua Saleha. Mtoto hakulalamika. Macho yake yalikuwa nusu wazi, moja limeelekea upande. Lea akaweka kiganja juu ya utosi, mahali panapokuwa laini kwa mtoto mchanga. Palikuwa pamevimba, pamekaza. Akajaribu kumwinamisha kichwa, na shingo ikakataa. Wodini kwao walikuwa wamepata watoto watatu wa namna hiyo mwaka ule, kifua kikuu kimewapanda kichwani. Alijua shingo ikishakaza hubaki muda gani, na wale wachache wanaopona hubaki na nini.

Siku nne zake zikamwishia pale mkekani.

"Vaa buibui," alisema. "Twende hospitali, wewe na mtoto. Sasa hivi."

Bi Mwamvua aliweka ungo chini. "Kuna nini?"

"Bi, tafuta gari. Mwombe yule mwenye duka atupeleke. Mwambie ni mtoto."

Yule mama akatoka na kanga moja, miguu mitupu. Sabiha alisimama kwa kushika mwimo wa mlango, akaingia, akatoka amevaa, anahema. Lea alikuwa amemlaza mtoto begani, kiganja nyuma ya kichwa chake.

"Daktari ataniuliza maswali," Sabiha alisema. "Nitasema nini?"

"Atakuuliza kama umewahi kupimwa makohozi. Mwambie yale ya vikopo vitatu yalikuwa yako."

"Si ulisema nisimwambie mtu?"

"Mwambie. Na mimi nitamwambia."

Sabiha alitazama uso wa Lea, kisha akatazama kile kichwa kidogo begani mwake, na Lea akaona jinsi jambo zima lilivyomfikia, polepole, bila mtu kumfafanulia.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

Angeweza kusema leo. Karatasi ilikuwa ya leo, na hakuna mtu hospitalini wala mbinguni ambaye angemwonyesha karatasi nyingine. Honi ya gari ikalia barabarani, Bi Mwamvua akaita.

"Tangu Mei," Lea alisema.

Sabiha akanyoosha mikono, akamchukua mwanawe, akatangulia kutoka.