Bao la Kukunja

Bao letu liliungua wakati wa matanga ya mama. Vijana waliokuwa wakipika nje waliishiwa kuni, na kwa kuwa mvua haikukatika siku ile, waliingia ghalani wakachukua kila kipande cha mti kilichokuwa kikavu. Bao lilikuwa limeegemezwa ukutani, mgongo nje, jeusi kwa moshi wa miaka mingi. Kwa asiyelijua lilikuwa gogo tu la mti wa mkulo. Kesho yake nilipokuwa nazoa majivu, nilikuta kona yake moja yenye vishimo viwili ambavyo moto haukuvimaliza.

Nilimpelekea baba. Alikigeuza kile kipande, akanirudishia.

"Kuni ni kuni," alisema. "Watu walikula?"

"Walikula, baba."

"Basi."

Hakuuliza ni nani aliyelichukua. Hakulia kwa ajili ya bao, kama ambavyo hakulia tulipomshusha mama kaburini. Aliosha mikono, akaenda kukaa na wageni.

Kete zilipona kwa sababu mama alikuwa akiziweka kwenye mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda. Zilikuwa komwe za kijivu, nzito, laini kwa kushikwa. Alikuja nazo kutoka kwao Muheza alipoolewa, amezifunga ndani ya kanga, kwa sababu alisikia kwamba huku milimani watu wanachezea mbegu za mgomba mwitu. Mawifi walimcheka sana. Mwanamke gani analeta kete kwenye sanduku la arusi? Lakini baba alipozisikia zikigongana, alimwuliza kama anajua kuzitumia. Mama akamwambia alete bao aone. Tangu hapo, mchana wowote wa mvua ambao shamba halikuingilika, wawili hao walikuwa jikoni na bao lao, na mama ndiye aliyeshinda mara nyingi. Barazani kwa wanaume baba hakulisema hilo. Barazani baba ndiye Issa, ambaye Malindi nzima, kijiji chetu cha Lushoto, haikuwa na wa kumfunga.

Mimi nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu mwaka ule, 1975, na nilikuwa nyumbani nikisubiri kupangiwa kazi. Nilirudi na mawazo mengi mazuri juu ya vijiji vyetu. Bado ninayo. Lakini miezi ile sikuwa na wazo lolote. Nilipika, nikafagia, nikamwandalia baba maji ya kuoga. Tulikula tukitazama sahani.

Arobaini ilipopita, baba alivaa koti lake, akaniambia, "Twende kwa Nikodemo. Nataka bao."

Nilifurahi kidogo. Yalikuwa maneno yake ya kwanza yaliyoanza na "nataka".

Fundi Nikodemo alikuwa rafiki yake tangu ujana, Mlutheri mwenye vidole vinene na mzaha mwingi. Banda lake lilikuwa sasa kiwanda cha useremala cha kijiji. Kijiji kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa, alitoa banda, randa na misumeno kwa hiari yake mwenyewe. Desturi moja tu alibaki nayo kutoka zamani: hakutoa bao mkononi mwake bila kulifungua. Kulifungua maana yake ni kucheza juu yake mchezo mmoja kamili na mtu anayejua, ili kasoro za vishimo zionekane. Mtu huyo, miaka yote, alikuwa baba.

Tulimkuta Secilia mlangoni. Tulisoma naye darasa moja shule ya msingi, na sasa alikuwa katibu wa kiwanda.

"Shikamoo, Mzee Issa."

"Marahaba. Nimekuja kuagiza bao."

"Huna haja ya kuagiza, yapo tayari." Alichukua kitu rafuni, akakifungua kama kitabu, akakifunga tena. "Bao la kukunja! Duka moja mjini limetuagiza mengi. Wageni wanaokuja kutazama mandhari kule Irente wanataka kitu cha kutia kwenye mkoba."

Lilikuwa la mbao nyeupe za paina kutoka Shume, limepakwa vanishi likang'aa, na lina bawaba mbili katikati. Baba alipitisha kidole gumba juu ya vishimo.

"Nyumba iko wapi?"

"Hiyo hapo, kishimo cha tano."

"Hiki ni kishimo kama vingine. Nyumba ni ya pembe nne. Mkono unaijua bila kutazama."

Nikodemo alijibu kutoka ndani, hakuinua kichwa. "Keekee mpya inatoboa duara tu, Issa. Haijui pembe."

"Kwa hiyo siku hizi keekee ndiyo fundi, wewe kibarua wake."

"Ndiyo. Na hainipi hata chai."

Baba hakucheka. Alitoa komwe moja mfukoni, akaiweka juu ya kishimo. Ilikaa juu, kama yai juu ya kizibo.

"Haziingii," alisema.

"Tunauza pamoja na gololi, Mzee," alisema Secilia. "Zina kifuko chake."

"Na mwenye kete zake?"

"Atatumia gololi."

"Nichongeeni la zamani. La mkulo."

Secilia alimtazama Nikodemo, na Nikodemo akatazama randa yake. Mkulo ulikuwa haukatwi tena bila kibali, na saa zote za kiwanda zilikuwa zimewekwa kwa oda ya mjini. Kamati ilikuwa imekwisha amua. Bao la zamani lilikula mbao ya mabao manne ya kukunja.

Baba alirudisha komwe mfukoni. Tukarudi nyumbani.

Kuanzia siku ile alikwenda kiwandani kila asubuhi, akakaa kwenye magogo ya nje, akatoa maoni yake. Jioni alinirudia nayo mezani. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema kama mtu anayesoma taarifa ya mvua redioni.

"Wamemwacha mchezaji, wamemfuata mpita njia," alisema. "Mpita njia ananunua mara moja, anakwenda kulitundika ukutani kwao. Mchezaji anarudi. Bao likipasuka, anarudi. Mwanawe akikua, anarudi naye. Wewe umesoma, niambie kama nakosea."

"Hukosei, baba. Lakini oda ya mjini ni ya sasa hivi."

"Ya sasa hivi. Na bawaba wameiweka katikati, ambapo mkono unapita kila mara. Gololi zenyewe hazikai. Lori likipita barabarani, mchezo unahama wenyewe. Na ukipoteza gololi, unanunua kwao. Nani alitaka hayo? Wachezaji hawakuulizwa. Ongeza mchuzi."

Niliongeza mchuzi. Alikula kiasi kile kile alichokula jana yake. Nilijiambia kwamba mtu anayelalamika bado yupo, na kwamba siku akinyamaza kuhusu bao ndipo nitakapoogopa. Kwa hiyo nilimwuliza maswali. Nilimwuliza kina cha kishimo kinachofaa, nikamwuliza kwa nini paina haifai. Alijibu yote. Hakumtaja mama, nami sikumtaja. Mkebe wa kete ulikuwa juu ya meza, kati yetu, karibu na chumvi.

Mkutano wa kijiji ulifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Ajenda ilikuwa kiwanda. Baba alisimama akaomba nafasi, na watu wakageuka kumsikiliza, maana walikwisha sikia kwamba Issa ana vita na bao la kukunja.

"Ndugu zangu," alisema, "sipingi kiwanda. Napinga kiwanda kusahau kazi yake. Chongeni ya wageni, lakini mchonge na yetu. Bao moja kwa mwezi tu, la pembe nne, linaloingiza komwe. Tusifike mahali tukalazimika kwenda Muheza kununua bao wakati fundi yuko hapa."

"Apewe lake atuachie mkutano!" mtu alisema nyuma, watu wakacheka.

"Nikipewa, nitakufunga wewe kwanza," baba alijibu, watu wakacheka zaidi. Niliangalia uso wake. Haukubadilika.

Secilia alisimama. Hakuwa na ukali. "Mzee Issa, tunakuheshimu. Ila mbao na saa tulizonazo ndizo hizo hizo, na faida ya oda hii imeshapangiwa kazi. Ni mabati ya zahanati, chumba cha wagonjwa wa kulala." Akamgeukia. "Wewe unajua kuliko sisi sote kwa nini tunahitaji zahanati."

Kila mtu pale alikuwa amesaidia kubeba machela ya mama siku barabara ya Lushoto ilipokatwa na maporomoko, au alisimama mlangoni akaiona ikipita, au alisikia mahali ilipowekwa chini kabla haijafika hospitali.

"Najua," alisema baba.

Akakaa.

Wanaounga mkono uamuzi wa kamati wainue mikono, akasema mwenyekiti. Mikono iliinuka. Niliuona mkono wa baba ukiinuka pamoja nayo, umenyooka, kiganja wazi. Nikodemo, aliyekuwa dawati la mbele, aligeuka akauona, halafu akatazama sakafu.

Baada ya hapo baba hakwenda tena kiwandani. Hakusema lolote kuhusu bawaba wala gololi. Niliuliza maswali yangu, akajibu "ndiyo" na "sijui". Alikaa uani akitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, na ukungu ulipoondoka aliendelea kutazama. Nilikata kabichi, nikaona kwamba nimekata nyingi mno, nikaendelea kukata. Hicho ndicho nilichokuwa nimeogopa, na kilipofika sikujua la kufanya nacho.

Jumamosi alasiri, Nikodemo alikuja amebeba kitu kwapani kimefungwa gunia.

"Shikamoo, Baba Fundi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi huyo mkaidi?"

Alikaa mkekani mbele ya baba bila kukaribishwa, akalifungua gunia. Lilikuwa bao la kukunja.

"Mabao yanaondoka Jumatatu, na hakuna hata moja lililofunguliwa," alisema. "Nimeshindwa kulala. Njoo ulifungue hili kwa niaba ya mengine."

"Kamati imekutuma?"

"Kamati imekwenda kulima. Cheza, bwana, usiniombeshe kama niko kanisani."

Walicheza na gololi. Baba alicheza haraka, bila kufikiri, kama mtu anayepukuchua mahindi. Gololi ziliteleza, mbili zikakimbilia chini ya mtungi, na Nikodemo akazifuata kwa magoti akilalamika. Baba alimfunga mapema sana.

"Umeona?" alisema baba.

"Nimeona."

"Utafanya nini?"

"Nitayapeleka Jumatatu." Nikodemo alifuta jasho. "Ulipiga kura wewe mwenyewe, Issa."

"Nilipiga."

Kisha Nikodemo aligeuza bao akatuonyesha ufa mwembamba kandokando ya bawaba. "Hili halitauzika. Ni lako." Akaondoka. Nilipokunja gunia niliona kwamba aliacha ndani yake bobari ndogo, ile ya ncha ya mviringo, na patasi. Sikuamini kwamba amezisahau.

Baba alianza kazi kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Alivipanua vishimo kimoja kimoja, akijaribu kila kimoja kwa komwe. Nyumba mbili alizipa pembe nne kwa patasi. Hakuwa fundi. Kuta kati ya vishimo zilibaki nyembamba kama maganda, na vanishi ilibanduka. Nilikaa karibu nikichambua maharage.

Halafu nikasikia bobari ikigonga kitu kingine. Baba aliinua bao usoni kwake. Jicho lake likanitazama kupitia tundu la nyumba moja ya bao.

"Imetoboka," alisema.

"Pole, baba."

"Mbao nyembamba. Niliwaambia."

Nilidhani ataliweka chini na kuingia ndani. Aliendelea. Kwa kuwa kimoja kimetoboka, alivitoboa na vingine, vyote, mpaka bao likawa kama kichanja. Alilitandaza juu ya mkeka, akalikandamiza. Kisha akasema, bila kunitazama, "Lete mkebe."

Nilileta. Alizipanga komwe, zikaingia, zikalala juu ya mkeka ndani ya vishimo visivyo na chini. Nyingine alizishika mkononi.

"Kaa pale."

Nilikaa mahali pa mama. Mimi si mchezaji. Nilijua sheria tu, kama mtu anavyojua njia ambayo hajawahi kuipita peke yake. Baba alinila kushoto, akanila kulia. Zamu yangu ilipofika nilichota kete zote za nyumba yangu nikazisambaza kwa haraka, kwa sababu sikuona la kufanya.

"Mama yako asingeibomoa nyumba mapema hivyo," alisema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema "mama yako" tangu tulipotoka makaburini. Mkono wangu ulibaki hewani na kete moja ndani yake.

"Angefanyaje?" niliuliza.

"Angesubiri. Angeniacha nijidanganye kwanza." Akaweka chini kete za mkononi. "Ngoja."

Alishika bao kwa pande zote mbili, akaliinua taratibu. Kete hazikwenda nalo. Zilibaki juu ya mkeka, kila fungu mahali pake, safu zake na safu zangu, mchezo mzima umebaki chini bila bao. Alilishikilia bao juu ya magoti, akazitazama muda mrefu. Nami nilitazama, nikasikia mwilini kitu kama miguu inapoanza kuamka baada ya kukaliwa.

Kisha akalirudisha. Kingo zilizisukuma baadhi ya kete, akazirekebisha kwa kidole, moja moja, kila moja katika kishimo chake. Hakukosea hata moja.

"Cheza," alisema. "Bado hujafungwa."