Palizi ya Gachanja

Gachanja alikuwa amekwisha kuvuka daraja la magogo, mfuko begani, na bado hakuwa amemuaga mtu. Nyuma yake ukungu wa msitu wa Mau ulikuwa umeifunika bustani ya Waogiek hadi kwenye mapaa. Mbele yake barabara ya udongo iliteremka kuelekea Njoro, na kutoka Njoro mtu huenda popote. Kuondoka alikujua. Katika miaka yake sabini na mmoja, ndiyo kazi pekee aliyoifanya bila kufundishwa.

Aliwahi kuwa utingo wa malori pale Mai Mahiu, akachunga ng'ombe wa watu, akavuna ngano ya wengine, akachimba visima ambavyo maji yake hakuyaonja. Kila alipoteleza mahali, alifunga mfuko. Mkewe alizoea, kisha akachoka, kisha akafa. Binti yao Wachuka alikuwa na nyumba Longonot, na ndani yake kitanda kilichotandikwa kikimngoja, lakini Gachanja alikuwa na kile kiburi cha watu wasio na kitu: hakutaka kufia kwenye kitanda cha mkwewe.

Bustani hii aliifikia mwaka uliopita, akiwa juu ya lori la samadi. Lori likashuka, yeye akabaki. Waogiek wa pale, wenyeji wa msitu huo tangu zamani, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Cheptanui, walikuwa wamelizungushia ua shamba lililochoka, wakalilima kwa namna yao: viazi na mboga upande mmoja, miche ya miti ya asili upande wa pili, na kona moja iliyoachwa iote inachotaka. Yeyote aliruhusiwa kuja kujitolea. Wanafunzi wa chuo walikuja Jumamosi, wakapiga picha, wakaenda zao. Gachanja alichota maji, akajaza udongo kwenye vifuko vya miche, akala walichokula wenyeji, akalala ghalani. Siku moja alijisikia akisema "kwetu" akimaanisha pale, akainama haraka kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Kisha Cheptanui akamwambia kwamba wazee wa ukoo wangekaa Jumamosi, naye angewaomba wampe Gachanja mahali pa kujenga kibanda, kando ya ua. Alilisema hilo akisugua sufuria, bila kumtazama. Usingizi ukamhama Gachanja siku mbili nzima.

Ndipo akataka wazee waone kwamba hawampi bure. Alhamisi, wenzake wakiwa msituni kwenye mizinga ya nyuki, aliingia na jembe katika ile kona iliyoachwa. Kweli, aliambiwa isiguswe; lakini aliyachukulia maneno hayo kuwa staha ya watu waliokosa mikono ya kutosha. Mama yake alimlea akijua kwamba shamba lenye magugu ni uchi wa mwenyewe. Alipalilia tangu saa saba hadi jua lilipoegemea mlima, akayarundika magugu kando, akaiacha ardhi nyekundu, safi, kama uwanja wa kanisa uliofagiliwa kumngoja askofu. Akakaa juu ya ndoo akingoja kusifiwa.

Cheptanui alirudi, akasimama. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo kama anayepima homa ya mtoto.

"Hapa kulikuwa na silibwet," alisema.

Silibwet ni mti wa maua meupe, na nyuki wakiyanywa maua hayo hutoa asali nyeupe. Baba yake Cheptanui alikuwa nao mmoja hapo, mkubwa, akitundika humo mizinga yake. Wapasua mbao waliuangusha miaka sita nyuma. Ng'ombe walipozuiwa kuingia, mbegu zake za mwisho zikachipua zenyewe, bila kupandwa na mtu, na Cheptanui alikuwa akija kuitazama miche hiyo kila asubuhi, bila kuwaambia wageni. Hayo Gachanja aliyasikia baadaye jioni ile, kwa wengine. Cheptanui mwenyewe hakuongeza neno. Matusi Gachanja angeyamudu. Ngozi ya matusi alikuwa nayo. Kimya hakina pa kushika. Akakaa macho akisikiliza manyunyu juu ya bati, na kulipopambazuka akatoka kwa njia ya chini ili asionwe.

Sasa alisikia kwato nyuma yake. Alikuwa Kipkemei, mrina asali wa rika lake, akimswaga punda aliyebeba mitungi miwili ya kuuza Njoro.

"Unahama, mzee?"

Gachanja akamjibu kwamba anakwenda kumsalimu binti yake.

"Na sufuria hiyo mfukoni? Kwa binti hawapiki?"

Wakatembea kidogo. Kipkemei akasema wao Waogiek wamewajua watu wa jembe tangu zamani. Watu hao wakiona jani, wanaona adui.

"Sema tu. Ninastahili," Gachanja akamwambia.

"Niseme nini, na umeshajifukuza mwenyewe? Umetupunguzia kazi." Akampiga punda kofi la mahaba. "Ila yule mama yuko kwenye rundo la magugu tangu alfajiri. Anasema mvua ya usiku imelowesha mizizi, mingine haijafa. Anachambua jani moja moja. Na macho yake unayajua yalivyofifia siku hizi."

Punda akapita, mitungi ikigongana. Gachanja alibaki katikati ya barabara. Njoro ilikuwa pale pale, wazi. Alijaribu kukumbuka ni lini aliwahi kurudi mahali alipoharibu, akaikosa hata siku moja, kisha akageuka, akaanza kupanda kurudi bustanini.

Cheptanui hakuinua kichwa. Alimwonyesha jani lenye umbo la moyo, lenye vinyweleo, la kukwaruza kidogo ukilipitisha kidole. Gachanja alipiga magoti upande wa pili wa rundo. Walichambua hadi adhuhuri.

"Nikimaliza nitakwenda," alisema hatimaye.

"Kwenda utakwenda. Shika huu. Usiuminye mzizi."

"Na Jumamosi?"

Cheptanui alichukua jani jingine. "Jumamosi nitawaomba, kama nilivyosema. Watakalosema silijui."

Walipata miche kumi na mmoja yenye uhai, wakairudishia udongo.

Wazee walikaa, wakakataa. Walisema mgeni ale, alale, aje na aende, lakini asijenge, kwa maana wageni wa kwanza pia walianza na kibanda. Cheptanui aliwapinga hadi sauti ikamkauka. Gachanja alipanga chumba Njoro, akawa anapanda kwenda bustanini kila Jumanne na Ijumaa, hadi magoti yalipogoma na Wachuka akaja kumchukua. Katika ile miche, minne imeshika, haijachanua. Punda wa Kipkemei alikufa, akanunua mwingine. Cheptanui alipasuliwa jicho moja Nakuru na sasa anaona vizuri. Gachanja yuko Longonot. Majirani wakimuuliza ametoka wapi, husema ametoka juu huko, kisha huwauliza kama wamesikia mvua imeanza kule Mau.